Kompyuta Ikimbie Wakati Gani, na Itembee Wakati Gani?



Wengi wenu munauliza juu gani mashini mbili za namna moja, zenye batri za namna moja, moja inazimika kisha saa moja na nusu, na ingine inaendelea masaa matatu. Wengine wanasema batri imezeeka. Wengine wanasema ni virisi. Mara ingine ni kweli. Lakini kuna sababu ambayo watu wachache wanaifikiri, nayo ni mwendo wa prosesa. Katika somo hili tutajifunza ginsi mwendo huo unavyokula umeme, na namna gani sisi wa Mangobo, wenye umeme wa kuhesabu, tunaweza kuupanga.

Hakuna lazima ya kueleza sana mambo ya umeme hapa kwetu. Umeme wa Kisangani unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, upande wa kaskazini wa mji, katika sentrali iliyojengwa katika miaka ya 1950. Iko na gurupu tatu, na zote zikizunguka zinatoa karibu megawati 19. Ni kidogo kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja, na kwa miaka mingi haikuwa jambo la kawaida kuona zote tatu zikizunguka pamoja. Ndiyo maana umeme unagawanywa kwa zamu, mtaa kwa mtaa, na ndiyo maana mtoto wa Mangobo anajua kupiga kelele « Courant imekuya! » mbele ya kujua kuandika jina lake. Kati ya zamu na zamu tunaishi kwa gurupu ndogo za esanse, kwa pano za jua, na kwa batri. Kwa hiyo watu wa nchi zingine wakisoma somo hili wataona ni jambo la kupunguza fakture. Kwetu ni jambo la kumaliza kazi ao kutoimaliza.

Sasa tuingie ndani ya mashini.

Prosesa ni kipande kidogo sana, hakipiti ukubwa wa vidole viwili. Ndani yake mna vifungio vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, vinaitwa transista, kwa mamilioni mengi na hata mabilioni. Kila kimoja kinajua kazi moja tu: kufunga ao kufungua njia ya umeme. Ili vyote viende pamoja, kuna saa inayopiga. Muwafikiri wapiga kafi wa Wagenia katika mtumbwi mkubwa: mmoja anaanzisha wimbo, na kwa kila pigo kafi zote zinaingia majini mara moja. Wimbo ukienda mbio, mtumbwi unaenda mbio, na mikono inachoka.

Saa ya prosesa inapiga mara ngapi? Prosesa ya kwanza ya Intel, ile 4004 ya mwaka 1971, ilipiga mara 740.000 kwa sekunde moja. Ile 8086 ya mwaka 1978 ilianza na mara milioni 5. Leo mashini ya kawaida inapiga mara bilioni 2 ao 3, ndiyo tunaita gigahezi 2 ao 3. Tuchukue mashini ya gigahezi 2,4 na mwandishi hodari wa sekretaria, mwenye kupiga herufi 5 kwa sekunde. Kati ya herufi moja na ingine, prosesa inapata mapigo milioni 480. Herufi moja inaomba sehemu ndogo tu ya mapigo hayo. Basi wakati mwingi mashini inamngojea mtu. Hili mulikamate vizuri, tutalirudilia.

Kila mara kifungio kinapobadilika, ni kama ndoo ndogo inajazwa umeme na kumwagwa. Nguvu inayopotea inategemea mambo matatu: ukubwa wa ndoo zenyewe, urefu wa mahali tunapozipandisha (ndiyo volti), na mara ngapi kwa sekunde (ndiyo mapigo ya saa). Lakini volti ina ubaya wake. Ikipanda, ndoo inapandishwa juu zaidi, na tena inaingiza umeme mwingi zaidi. Kwa hiyo volti inahesabiwa mara mbili. Wale wa kalasi za fiziki waandike hivi:

P = C × V × V × f

P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa ndoo zote pamoja, V ni volti, f ni mapigo kwa sekunde.

Tuone inavyosema. Tukipunguza mapigo kwa nusu na kuacha volti vile ilivyo, nguvu inashuka nusu. Lakini kazi itachukua wakati mara mbili. Nusu mara mbili ni moja: hatukupata kitu, tumechelewa bure. Faida ya kweli inakuja tukishusha volti pamoja na mapigo.

Mwanafunzi mmoja ameuliza: basi juu gani wasishushe volti siku zote, na kuacha mapigo juu? Ni swali zuri kupita mengine yote tuliyopata. Jibu ni kwamba transista yenye volti ndogo inafunga na kufungua pole. Ikikosa kumaliza kazi yake mbele ya pigo linalofuata, hesabu inaharibika, na mashini inasimama ao inatoa majibu ya uongo. Volti ya juu ni bei ya mwendo wa mbio. Tolekiste anajua jambo hili katika miguu yake: akitaka kufika sokoni kwa nusu ya wakati, na kilima kiko mbele na mteja kwenye porte-bagage, jasho halizidi mara mbili tu, linazidi sana.

Kwa miaka mingi watengenezaji hawakujali. Kila transista ilipopunguzwa ukubwa, volti pia ilishuka, na mwendo ulipanda bila joto kuzidi. Robert Dennard wa IBM na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 1974. Lakini kuelekea mwaka 2004 njia hiyo iliziba. Transista zilikuwa ndogo mno hata umeme ulivuja ndani yake zikiwa zimefungwa, kama robine mbaya. Intel ilifika gigahezi 3,8 kwa Pentium 4, na mwezi wa kumi wa mwaka 2004 ikaacha mpango wa kutoa ile ya gigahezi 4. Tangu siku hizo wanaongeza hesabu ya viini ndani ya prosesa moja, na mwendo wenyewe umepanda kidogo kidogo tu.

Mbele ya hapo, watu wa mashini za kubeba walikuwa wamekwisha kuona hatari. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2000 Intel ilitoa Pentium III ya mashini za kubeba yenye mwendo wa namna mbili. Ikipata umeme wa ukutani, ilikimbia kwa megahezi 650 na volti 1,6. Ikibaki na batri, ilishuka mpaka megahezi 500 na volti 1,35. Muhesabu wenyewe: 1,35 gawanya kwa 1,6, mara mbili, kisha 500 gawanya kwa 650. Mutapata karibu 0,55. Mwendo umeshuka chini ya robo moja, na nguvu imeshuka karibu nusu. Katika mwaka huohuo Transmeta na AMD walitoa mashini zenye akili ya namna hiyo.

Leo mashini haina miendo miwili tu, iko na mingi, na inachagua yenyewe mara nyingi sana kwa sekunde. Katika Linux, ile ambayo wenzetu wengine wameiweka kwenye mashini za zamani, programu ndogo zinazochagua zinaitwa magavana. (Si Gavana wa provensi, musiogope.) Mmoja anashika mwendo wa juu siku zote. Mwingine anashika wa chini siku zote. Mwingine, aliyeingia mwaka 2004, anatazama kazi: ikizidi anapandisha, ikipungua anashusha. Jina hilo ni la zamani kupita kompyuta, lilikuwa jina la chombo cha kutawala mwendo wa mashini za mvuke. Na turbini ya umeme, kama zile za Tshopo, inahitaji chombo cha ukoo huo, chenye kufungua na kufunga njia ya maji ili mzunguko ubaki sawasawa, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Kwenye turbini maji yanabadilika ili mwendo usibadilike. Kwenye prosesa mwendo unabadilika ili umeme usipotee.

Sasa tunafika mahali ambapo watu wengi wanakamata njia mbaya. Wanafikiri: pole ni kuokoa, mbio ni kuharibu. Basi wanafunga mashini katika mwendo wa chini kabisa na kufurahi. Tuhesabu pamoja.

Tuseme prosesa yetu inakula wati 24 kwa gigahezi 2,4 na volti 1,2. Kwa gigahezi 1,2 na volti 0,9, ile kanuni inatupa wati 6,75. Tuseme kazi ni kugeuza filme ya masomo ili ienee kwenye telefone, na kwa mbio inachukua dakika 10, ni kusema sekunde 600. Kwa pole ni sekunde 1.200.

Prosesa peke yake, kwa mbio: 24 × 600 = juli 14.400. Kwa pole: 6,75 × 1.200 = juli 8.100. Pole imeshinda sana.

Lakini prosesa haikai peke yake. Iko na kioo kinachowaka, diski inayozunguka, memori, ventilatere. Tuseme vyote hivyo vinakula wati 10. Kwa mbio: 34 × 600 = 20.400. Kwa pole: 16,75 × 1.200 = 20.100. Karibu sawasawa! Na kama kioo ni kikubwa na vile vingine vinakula wati 15? Kwa mbio 23.400, kwa pole 26.100. Pole imeshindwa.

Ni kama fundi wa nguo anayeshona usiku kwa taa. Akishona pole sana mikono haitachoka, lakini mafuta ya taa yataisha mbele ya shati kwisha.

Basi swali la kwanza si « mbio ao pole? » Swali la kwanza ni: kazi ikiisha, tutafanya nini na mashini? Kama tutaifunga mara moja na kwenda zetu, basi ikimbie, imalize, izimwe. Kama tutabaki mbele yake tukisoma na kuandika, kioo kitawaka vilevile, na hapo pole inashinda. Turudi kwenye ile mashini ya wati 10, na tuseme tunabaki nayo dakika 20 kwa vyovyote. Ikikimbia dakika 10 na kupumzika dakika 10, na katika mapumziko prosesa inakula wati 1 tu, jumla ni 20.400 na 6.600, ni kusema juli 27.000. Ikienda pole dakika zote 20, ni 20.100. Faida ni robo moja.

Mumeona kwamba mashini ni ileile, kazi ni ileile, na jibu limegeuka. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaotoa shauri moja kwa watu wote.

Tuje sasa kwenye chumba cha mashini. Tuseme shule iko na mashini 5 za kubeba na batri moja kubwa ya volti 12, amperi-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1.200. Batri ya risasi haipendi kumalizwa, tunachukua nusu tu: 600. (Tunaacha kando kile konvertisere inachokula, kusudi hesabu isiwe ndefu.) Kama kila mashini inakula wati 34, zote tano ni 170, na umeme unaisha kisha masaa matatu na nusu. Kama kila moja inakula wati 15, ni 75, na tunapata masaa nane. Kwa zamu ya nusu saa, wanafunzi watano watano, ile ya kwanza inapokea wanafunzi 35. Ya pili inapokea 80. Wanafunzi 45 wanasimama katikati ya hesabu hizo mbili. Kati yao wako wenzetu wa Komersiali ambao hawana mashini nyumbani, na ambao wataulizwa kupiga barua na jedwali siku wanapoomba kazi.

Na wati 34 zinatoka wapi? Hazitoki kwa mwanafunzi anayeandika kazi yake. Tumesema kwamba kati ya herufi na herufi prosesa inalala. Zinatoka kwa yule wa pembeni mwenye kufungua mchezo wa magari, ao filme, na kupunguza sauti ili msimamizi asisikie. Sauti haisikiki, lakini ventilatere inasikika. Msimamizi mwenye masikio mazuri anajua.

Katika mashini zenye Windows ya Kifaransa, muende kwenye « Options d'alimentation ». Ukikuta mashini imewekwa kwenye « Performances élevées » na iko kwenye batri, kuna mtu alisahau. Muirudishe kwenye ule mpango wa katikati, ambao unaacha mashini kupanda na kushuka yenyewe. Katika mipango ya ndani ya mashini nyingi kuna mstari unaoitwa « État maximal du processeur ». Mukiandika 99 mahali pa 100, mashini nyingi zinaacha turbo, ni kusema ule mwendo wa kupita kipimo ambao prosesa inajipa kwa muda kama joto linaruhusu. Mwendo huo wa mwisho ndio wenye bei kubwa, kwa sababu unaomba volti ya juu. Kwa kuandika hamutaona tofauti. Musishuke mpaka 20 ao 30 kwa tamaa: programu itafunguka kwa dakika nzima, na kioo kinawaka wakati wote munangoja. Na mwangaza wa kioo muupunguze mbele ya yote, maana kwa mtu anayeandika, kioo mara nyingi kinakula kupita prosesa.

Gurupu ni jambo lingine, na hapa tunapenda walimu watusikie. Gurupu ndogo ya esanse inakunywa hata ikiwa na kazi kidogo. Ukiiwasha kwa taa mbili, litre haishuki kwa kipimo cha taa mbili. Kwa hiyo saa ya gurupu si saa ya kuandika pole pole. Ni saa ya kazi nzito: kupiga makaratasi kwa imprimante, kugeuza filme, kuweka programu mpya, na kujaza batri zote pamoja. Hapo mashini zikimbie kwa nguvu zote. Gurupu ikizimwa, tunarudi kwenye batri na kazi nyepesi. Vilevile na pano za jua: saa sita ya mchana batri ikiwa imekwisha kujaa, jua linalobaki halina mahali pa kwenda. Kazi nzito ipewe saa hiyo, si saa kumi na mbili ya jioni.

Joto pia ni adui. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na mavumbi ya barabara zetu munayajua. Mavumbi yakiziba ventilatere, prosesa inapata joto, na ili isiungue inajishusha mwendo yenyewe. Mwenye mashini anasema « virisi! », anamlipa mtu afute kila kitu, na mashini inabaki pole kama zamani. Mbele ya kulipa, zimeni mashini, toeni batri kama inatoka, na mupanguze matundu ya hewa kwa brosi laini iliyokauka. Musiweke mashini inayowaka juu ya kitanda ao juu ya magoti yenye nguo nzito.

Telefone zenu zinafuata sheria ileile. Tangu mwaka 2011 kampuni ya ARM ilionyesha mpango wa kuweka viini vikubwa na viini vidogo pamoja: vidogo vinashika ujumbe na saa, vikubwa vinaamka kwa filme na mchezo. Ukiona telefone imepata joto mfukoni, ujue kiini kikubwa kimeamka na kitu fulani kinakitumikisha. Tafuta ni nini mbele ya kupanga foleni tena mahali pa kushaji.

Maswali ya kujifunza nyumbani:

Prosesa inashuka kutoka gigahezi 2,0 na volti 1,1 mpaka gigahezi 1,0 na volti 0,9. Nguvu inayobaki ni sehemu gani ya ile ya kwanza?

Rudilieni hesabu ya filme, lakini vile vyombo vingine vya mashini vikule wati 20. Mbio ao pole, nani anashinda, na kwa juli ngapi?

Chumba kina mashini 5 na wati-saa 600, na wanafunzi 60 wanangoja zamu ya nusu saa. Kila mashini isipite wati ngapi ili wote waingie siku ileile? Majibu na hesabu zake muyape kiongozi wa kalasi mbele ya siku ya tano, yaandikwe kwa mkono.